Ndoo ya maganda mara mbili kwa wiki: huduma ya mboji ya bustani ya mtaa, Kampala

Kwa shilingi 10,000 kwa mwezi, bustani hii ya jamii ya kaskazini mwa Kampala inakupa ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko vya kubana, mtu wa mkokoteni anayepita Jumanne na Ijumaa kabla ya saa mbili asubuhi, na nusu gunia la mboji kila baada ya miezi minne. Tuanze na hukumu: kwa kuondolewa mabaki ya jikoni, lipa bila kusita. Mboji yao ya kuuza ni habari nyingine. Nenda uikague kwa mikono yako, na ukienda Aprili au Mei, nenda na mashaka kidogo.

Ndoo ni mbili kwa sababu hazimwagwi getini. Mkokoteni unabeba iliyojaa na kukuachia iliyooshwa, kavu, yenye vikombe vitatu vya maranda chini. Hayo maranda watu huyadharau, wengine huyatupa, kumbe ndiyo yanayoiwezesha ndoo kukaa jikoni siku nne, tangu Ijumaa hadi Jumanne, bila kuchacha. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa ganda bichi la matooke (ndizi za kupika) ni maji. Ukilifunikia ndani ya ndoo tupu, maji yanashuka chini, hewa inakosekana, na siku ya pili inaanza harufu ya pombe iliyoharibika. Maranda yanakunywa hayo maji. Nyunyiza kikombe kimoja kila unapomwaga maganda, na posho (ugali) au wali uliolala uufukie katikati, usiuache juu nzi wakatua.

Mkungu wa kilo 15 hutoa maganda yasiyopungua kilo 5, kwa hiyo nyumba ya watu sita inayopika matooke kila siku itahitaji ndoo ya tatu, ambayo ni shilingi 3,000 zaidi. Usiishindilie kwa mguu ili kuepuka hiyo 3,000. Maganda yaliyoshindiliwa hutoka kama tofali na hayachambuliki. Faida nyingine utaiona kwenye gunia la taka linalobaki: linakuwa jepesi na kavu, na linaweza kungoja lori wiki mbili. Si jambo dogo mjini hapa tangu dampo la Kiteezi lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024, likaua watu zaidi ya 30 na kufungwa. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni mabaki ya chakula, na hayo ndiyo yanayoyafanya malori kuwa mazito na kuchuruzika barabara nzima.

Wanapokea maganda ya kila aina, majani ya chai, masimbi ya kahawa, maganda ya mayai na majani ya ndizi yaliyopikiwa luwombo. Hayo majani wanataka yakatwe vipande vya urefu wa kiganja, na wana haki: nyuzi zake ndefu hujisokota kwenye meno ya uma na kugeuza kazi ya dakika kumi kuwa ya nusu saa. Ganda la fenesi likatwe pia, maana likiingia zima hukaa miezi. Kokwa za embe na mbegu za avokado haziozi kwa awamu moja. Wanazichekecha na kuzirudisha kwenye lundo jipya, ambako angalau zinasaidia hewa kupita. Nyama, mifupa, mukene (dagaa) na mafuta ya kukaangia wanakataa. Vingi kati ya hivyo vinaoza vizuri tu, lakini vinaita panya usiku na kaloli, yule korongo mkubwa mla mizoga, mchana, na kaloli akishajua mahali, atasimama juu ya bati hilo kila siku kama askari wa zamu.

Jivu la sigiri limepewa ukurasa wake peke yake kwenye karatasi ya masharti. Kaa moja lililofunikwa na jivu linaweza kukaa hai hadi asubuhi, likatoboa ndoo au, baya zaidi, likawasha banda la majani makavu. Hata likipoa, jivu lina magadi mengi. Likizidi, nitrojeni ya lundo inapotea hewani kama amonia, ile harufu inayochoma pua. Wao wanaruhusu kikombe kimoja cha jivu baridi kwa kila ndoo, kwa nyumba zinazopikia makaa. Sisi tungepunguza hata hicho, kwa sababu mtaa mzima ukileta kikombe kimoja kimoja, lundo linapata jivu debe zima.

Kinachowatofautisha na bustani nyingine ni meza ya kuchambulia. Ni fremu ya mbao yenye wavu wa chuma, urefu wa mita mbili, imewekwa kwenye kimo cha kiuno ili mtu asiiname. Kila ndoo inamwagwa pale na kutandazwa kwa reki fupi. Dakika mbili au tatu zinatosha kuyaona yaliyojificha: kaveera (mfuko wa plastiki) iliyofungwa fundo ikiwa na posho ya juzi ndani, wembe, betri ya redio, vijiti vya mishikaki, vibandiko vya matufaha ya dukani. Aliyevaa glavu anakifungua kila kifundo, anamwaga kilichomo, kaveera inaenda kwenye gunia lake. Ndoo ikikutwa na betri au wembe, kifuniko chake kinachorwa alama nyekundu na kurudi hivyo hivyo kwa mwenyewe; alama tatu, huduma inasimama. Wateja wengine hununa. Lakini kaveera ikishapita hapo na kukatwakatwa na uma, hakuna chekecheke itakayoitoa yote, na mboji yenye vipande vya plastiki utaihamisha shambani kwako milele.

Maganda safi ya matooke kutoka mezani hapo yanatengwa kwa ajili ya mfugaji wa ng'ombe wa jirani, ambaye analipa. Hatuoni ubaya, ganda lililopitia tumbo la ng'ombe linarudi kama samadi. Ila maganda ya muhogo wanayatoa kwa mbuzi siku ile ile yalipofika, na hapo tungewasihi wayaanike kwanza juani siku mbili tatu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi ambayo hupungua ganda likinyauka na kukauka. Ndani ya lundo moto, tatizo hilo halipo.

Malundo yenyewe yamejengwa kwa paleti, visanduku vitatu vya mita moja kwa moja, kimo mita moja na robo, chini wametandika wavu wa matundu ya milimita 6 kuzuia panya. Paleti zina mhuri wa HT, yaani mbao zilitibiwa kwa joto. Ukiiga mfano wao, epuka zenye MB, ambazo zilifukizwa dawa. Chini kabisa wanaweka mabua ya mahindi na vijiti, sentimita 20, ili hewa iingie kutoka sakafuni. Kisha ndoo moja ya mabaki kwa ndoo mbili za vikavu, tabaka kwa tabaka, na tabaka la mwisho siku zote ni kavu.

Hapo kwenye vikavu ndipo bustani nyingi za mitaa zinapofia, na hawa ndipo wanapostahili sifa. Maganda yanakuja yenyewe, kila siku, hayana msimu. Majani makavu yana msimu. Wao wamejenga banda la bati kubwa kuliko visanduku vyote vitatu, na kuanzia Desemba hadi Februari, jua likiwa kali, wanalijaza nyasi zilizokatwa, majani yaliyofagiliwa, mabua, makapi ya kahawa na maranda. Maranda wanayachukua kwa mafundi wanaofanyia kazi mbao zisizopakwa dawa tu. Vumbi la nguzo zile za kijani lina shaba na mara nyingi arseniki, halifai kabisa bustani ya mboga. Maranda hayazidi theluthi ya vikavu, maana yakizidi yanafyonza nitrojeni na lundo linalala baridi.

Lundo lililopangwa hivi linafika nyuzi 55 hadi 65 siku ya tatu. Hawana kipimajoto, wana kipande cha nondo cha mita moja kilichochomekwa katikati. Ukikichomoa na kukishika kwa kiganja, usipoweza kuvumilia zaidi ya sekunde chache, lundo linafanya kazi. Likiwa vuguvugu tu, ama ni dogo mno, ama limelowa, ama limekauka. Kipimo cha maji ni ngumi: shika konzi, kamua, matone mawili matatu yatoke kati ya vidole. Mkondo ukitoka, ongeza vikavu na ugeuze. Wanageuza kila siku ya tatu kwa siku 15 za kwanza, cha nje kikiingia ndani, ili kila sehemu ipite kwenye joto la kuua mbegu za magugu na vijidudu. Wageni wakiona funza wakubwa wa kijivu pembeni hushtuka. Ni mabuu ya nzi askari mweusi, hawaumi wala hawaharibu, ila wingi wao unakuambia sehemu hiyo ni mbichi na imepoa. Kuku wa bustani wanajua kazi yao.

Sasa lawama. Baada ya joto kushuka, mboji inahitaji kupumzika wiki nne hadi nane ikomae, na hapo ndipo banda la bati linapokwisha. Magunia ya kukomazia yamepangwa nje, ukutani, yamefunikwa turubai moja lenye matundu. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, na zile za Septemba hadi Novemba, maji yanapita ndani ya gunia na kutoka chini yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo ni chakula cha mimea kinachokwenda mtaroni. Potasiamu, ambayo maganda ya matooke yamejaliwa nayo, ndiyo inayotangulia kuondoka kwa sababu inayeyuka kirahisi. Kinachobaki ni udongo mweusi mzuri machoni, mzito kwenye mzani. Na gunia linauzwa kwa kilo, shilingi 20,000 kwa 50, kwa hiyo msimu wa mvua unanunua maji. Bati nne na nguzo sita zingemaliza tatizo hilo. Kwa kuwa bustani iko kwenye mteremko, tungependa pia kuona mfereji mfupi unaoelekeza maji hayo kwenye migomba, yasishuke kwenye chemchemi ambako watu wanateka.

Kosa la pili linatokana na la kwanza: mboji ikilowa, wateja wakiingoja, inauzwa mapema. Ubao wa chaki kwenye kila kisanduku unaonyesha tarehe ya kupanga na ya kila mgeuzo, jambo zuri, lakini gunia likishafungwa halina tarehe yoyote. Omba kuonyeshwa ubao wa lundo lilikotoka. Chini ya miezi mitatu tangu kupangwa, subiri. Kisha chukua konzi mbili, zilowanishe kidogo, zifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa siku tatu. Ukifungua ukakuta harufu ya udongo baada ya mvua, chukua. Harufu kali au ya uchachu maana yake bado inaoza, na ukipanda humo itaunguza mizizi michanga. Mwenye shaka bado apande mbegu 10 za dodo (mchicha) kwenye kopo la mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na 10 nyingine kwenye udongo mtupu. Zikiota sawasawa, hakuna neno.

Chekecheke yao ina matundu ya milimita 12, inatosha kwa shamba na migomba. Kwa kitalu cha nakati au sukuma wiki ichekeche tena nyumbani kwa wavu mdogo zaidi. Kwa bustani ya gunia, changanya debe moja la mboji na madebe matatu ya udongo, uache nguzo ya kokoto katikati kwa ajili ya maji, na usijaze mboji tupu hata kama gunia lao ni la bure: itasinyaa, na baada ya miezi miwili miche ya juu itakuwa imezama sentimita 15 ndani ya gunia.