Kerezo la Sherline 4100 kwa vipuri vya injini ndogo

Kwa miezi kadhaa nimelitumia kerezo la mezani la Sherline 4100, mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga, linalotengenezwa Marekani, kukereza vipuri vya injini ya silinda moja ya trekta la mfano, na kwa kazi hiyo naliona lafaa sana. Hupokea kipande chenye kipenyo kisichozidi milimita 89, na kasi yake hurekebishwa kutoka mizunguko 70 hadi 2,800 kwa dakika.

Uzuri wake hasa umo katika magurudumu ya mkono, kwa kuwa mzunguko mmoja husogeza kisu milimita 1 na umegawanywa kwa alama 100. Pistoni yangu ya kwanza, ya alumini, niliiharibu mwenyewe: nilisahau kwamba kisu kikiingia alama 1 kipenyo hupungua alama 2, ikapwaya ndani ya silinda kama mguu wa mtoto katika kiatu cha babaye. Ya pili iliingia kwa ulaini, ikisukuma hewa mbele yake.

Chuma kigumu kinahitaji subira, maana kerezo lolote jepesi hutetemeka kisu kikilazimishwa. Krenki moja, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ilinichukua jioni tatu.