Tathmini ya Azimuth: Kupanga Seli za Kinga za Damu kwa Jeni Zake

Azimuth ni huduma ya bure ya mtandaoni iliyotengenezwa na maabara ya Rahul Satija katika New York Genome Center, na kazi yake ni moja: unaipa faili yenye hesabu za RNA (nakala za jeni zinazotumika) za kila seli, nayo inakurudishia jina la kila seli. Nimekuwa nikiitumia kwa seli za kinga za damu, na kwa ajili ya tathmini hii nimeijaribu upya kwa faili ya seli 2,700 za mtu mmoja mwenye afya, iliyowekwa wazi na kampuni ya 10x Genomics, ambayo karibu kila mwanafunzi wa fani hii amewahi kuifungua.

Katika matumizi sina la kulalamikia. Huandiki msimbo hata mstari mmoja. Unapakia hesabu ghafi, unaweka mipaka ya kuondoa seli zilizoharibika, ambazo aghalabu hujitambulisha kwa wingi wa RNA ya mitokondria, kisha unabofya kitufe cha kuzilinganisha na rejea, yaani mkusanyiko wa seli ambazo tayari zina majina. Chai yangu ilikuwa bado ya moto majibu yalipotoka. Pamoja na jedwali la majina, unaweza kupakua msimbo wa uchambuzi mzima katika R, lugha ya programu za takwimu, jambo ambalo litamfaa yeyote atakayeulizwa na mhakiki wa makala yake alifikaje hapo.

Thamani yenyewe imo katika rejea. Ilijengwa kwa seli 161,764 za watu 8 waliojitolea katika jaribio la chanjo ya VVU, kila mmoja akitolewa damu kabla ya chanjo, siku ya 3 na siku ya 7, na ikachapishwa mwaka 2021. Seli hizo hazikupimwa RNA peke yake. Zilipimwa pia protini za juu ya utando wake kwa kingamwili 228. Aliyewahi kujaribu kutenganisha seli T (aina ya seli za kinga) zenye protini ya CD4 na zenye CD8 kwa jeni tupu anajua kwa nini gharama hiyo ilistahili. RNA ya CD4 katika seli T ni haba, na mara nyingi kipimo hukosa kuinasa, ilhali monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zina CD4 yao. Kwa hiyo sifuri katika safu ya CD4 haithibitishi kitu. Katika faili yangu nilifuatilia seli moja iliyokuwa na CD3E na IL7R, jeni zinazoashiria seli T, huku CD4 ikisoma sifuri. Azimuth iliiweka katika kundi la CD4 za kumbukumbu, kwa sababu jeni zake nyingine zilifanana na seli za rejea ambazo protini ilikwisha kuzitolea ushahidi. Kwa jicho langu peke yangu ningeiacha bila jina.

Majina hutolewa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ina makundi 8 tu. Ya tatu ina zaidi ya 50, hadi kutofautisha seli B, zile za ukoo unaotengeneza kingamwili, kwa aina ya mnyororo mwepesi wa kingamwili zake: kappa au lambda. Mimi hubaki ngazi ya pili, kwani kwa faili ndogo ngazi ya tatu huacha makundi ya kuhesabika kwa vidole, na takwimu za makundi ya namna hiyo hazina mashiko.

Kila seli hupewa alama mbili, na hapa ndipo watumiaji wengi wanapojikwaa. Alama ya utabiri inaeleza jina lina uhakika kiasi gani miongoni mwa majina yaliyopo. Alama ya ulinganifu inaeleza kama seli ya namna hiyo imo kweli katika rejea. Seli inaweza kupata alama ya juu katika ya kwanza na ya chini katika ya pili, yaani imepewa jina kwa kujiamini ingawa si ya ukoo huo. Neutrofili, seli nyeupe zenye kiini kilichogawanyika vipande, kwa mfano, hazimo katika rejea hii ya seli zenye kiini kimoja cha duara, kwa hiyo anayepakia damu nzima ataziona zimevalishwa jina la kundi jingine.

Kwetu tunaoishi na malaria, pengo kubwa zaidi liko kwenye seli B. Watu wanaoambukizwa mara kwa mara huwa na seli B nyingi za kumbukumbu zisizo za kawaida, zenye jeni kama FCRL5, TBX21 na ITGAX. Orodha ya Azimuth haina jina lao. Ina seli B changa, za kati, za kumbukumbu na zile zinazotengeneza kingamwili, basi. CellTypist, programu ya bure iliyotoka Wellcome Sanger Institute nchini Uingereza, ina kundi la jirani, la seli B zinazohusishwa na umri, na kwa sababu hiyo mimi huzipitisha seli B zangu huko pia. Ukiipa CellTypist faili ya h5ad (muundo wa Python wa data za seli), haitaki hesabu ghafi: inataka jumla ya hesabu za kila seli isawazishwe hadi 10,000 kisha ichukuliwe logi, na mara ya kwanza faili yangu ilikataliwa kwa pupa yangu mwenyewe.

Kwa damu ya mtu mwenye afya, iliyoandaliwa kwa njia ya kawaida, ningemshauri mtafiti aanze na Azimuth bila kusita. Kwa damu ya mtoto aliyeugua malaria mara nne, aanze nayo pia, lakini kabla ya kuchapa jedwali aandike FCRL5 katika kisanduku cha jeni na atazame kwa macho yake ni seli zipi za kundi la kumbukumbu zinazowaka.