Spika za Yamaha HS5 na kontrola ya DDJ-FLX4 kwenye chumba changu cha Tabata

Miaka minne nilitengeneza biti zangu kwa sabufa ya sebuleni, ile yenye taa za rangi na rimoti. Mdundo ukigonga, vikombe vinacheza kabatini, nami najiona prodyuza. Kazi hiyohiyo ikifunguliwa kwenye spika za ukumbini, besi hakuna. Kumbe sabufa ilikuwa inaongeza besi ambayo mimi sikuiweka, nikawa naipunguza kwenye wimbo nikidhani imezidi.

Nilipopiga harusi tatu mfululizo na kulipwa zote (nadra hiyo), nikashuka Kariakoo kutafuta spika za studio. Muuzaji aliponiona nimesimama kwenye HS5 akacheka. "Kaka, hizo hazina besi. Chukua zile kubwa, ndiyo habari ya mjini." Nikachukua HS5.

Alikuwa na hoja lakini. Koni ya chini ni ya inchi 5 tu, na Yamaha wenyewe wanaandika kwamba zinashuka hadi hezi 54 (namba ikipungua, sauti inakuwa nzito zaidi). Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni hezi 41. Kwa hiyo ukitengeneza vitu vya amapiano, kuna sehemu ya mdundo ambayo spika hizi hazikuonyeshi vizuri, na mimi huikagua kwa hedifoni. Singeli hainisumbui hivyo. Kinachoua singeli ni pale juu, kelele za sinthi na MC wakigombania nafasi moja, na hapo HS5 hazikufichi kitu. Siku ya kwanza nilifungua biti zangu za zamani, nikazima baada ya dakika kumi kwa aibu.

Siku hiyo ya kwanza yenyewe ilianza vibaya. Duka moja, si lile la spika, liliniuzia waya wenye pini mbili za RCA upande mmoja na jeki moja ya stirio upande wa pili. Nikachomeka spika moja nijaribu. Ngoma zinasikika kwa mbali, sauti ya mwimbaji imeyeyuka kabisa, kama karaoke. Nikajua nimeuziwa spika mbovu, usiku sikulala. Asubuhi fundi mmoja akanieleza: mlango wa nyuma wa spika hizi hupokea tofauti kati ya nyaya mbili zilizomo kwenye jeki. Ukiupa kushoto na kulia kwa pamoja, chochote kilicho sawa pande zote kinafutana, na mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati. Dawa ni nyaya mbili, kila mmoja RCA kwenda jeki ya mono, mmoja kwa kila spika. Mwambie muuzaji hivyohivyo, asikupe anachokiona karibu.

Na wewe mwenye ndugu Marekani anayetaka kukutumia jozi, mwambie asome kwanza kibandiko cha nyuma. Za kule ni za volti 120, za kwetu 230.

Chumba changu ni hatua nne kwa tatu, bati juu; mvua ikinyesha kazi imeisha. Tundu la hewa la HS5 liko nyuma, hivyo ukizibandika ukutani besi inavimba. Nimezivuta mbele kama futi moja, nikazipandisha juu ya matofali yenye vipande vya mpira wa tairi, masikio yangu na spika mbili yakafanya pembetatu. Kisha swichi ya ROOM CONTROL nikaiweka kwenye -2, ambayo inapunguza sauti za chini ya hezi 500. Trei za mayai za ukutani nilizibandua. Haziguswi na besi, na mende walizipenda. Godoro kuukuu nililolisimamisha kwenye kona ya nyuma limefanya kazi kubwa zaidi. Mama mwenye nyumba bado anagonga saa nne usiku, godoro halizuii hilo.

Kontrola sina mengi ya kusema. DDJ-FLX4, kifaa cha DJ cha kuchanganyia nyimbo zilizo kwenye laptopu, ina chaneli mbili, inaelewana na programu za rekordbox na Serato DJ Lite, na inakula umeme wa laptopu kupitia USB. Hilo la mwisho ndilo lililoniuzia: umeme ukikatika spika zinanyamaza, mimi naendelea na hedifoni hadi betri iishe. Sauti ya maiki nayo inaingia kwenye laptopu kwa waya huohuo, hivyo narekodi miksi na maneno yangu bila kifaa kingine. Sahani zake za kuzungusha ni ndogo na nyepesi, na kwenye ukumbi wenye mikseri kubwa, milango yake ya RCA pekee haitoshi. Beba viunganishi vyako. Kwa nyumbani inatosha sana. Ningekuwa na hela ya kimoja tu kwanza, ningenunua spika, maana miksi mbaya haiponi kwa kontrola nzuri.

Ile sabufa sijaiuza. Ipo pale sebuleni na taa zake, na kila wimbo ukikamilika naupitisha humo mara moja, kwa sababu wateja wangu karibu wote wanayo kama hiyohiyo.