Tathmini ya huduma ya afya ya Uingereza: dirisha la malipo lisilokuwepo

Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji wa dharura hapa Leeds, mama mkwe alipiga simu kutoka Tanga na, baada ya kumshukuru Mungu na kuuliza mtoto amefanana na nani, akaleta swali ambalo kwetu halichelewi: "Wamewadai kiasi gani, baba? Tuanze kuchangisha huku?" Nilimjibu kwamba hatujadaiwa chochote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nisimfiche.

Sikuwa namficha. Baada ya siku nne wodini, mkunga alitukabidhi kitabu chekundu cha kumbukumbu za mtoto, sindano za kuzuia damu kuganda ambazo mke wangu angejidunga mwenyewe nyumbani, na kisanduku cha njano cha kutupia zile zilizokwisha kutumika. Malipo pekee niliyofanya siku hiyo yalikuwa ya maegesho ya gari.

Huduma ninayoitathmini ni NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, iliyoanza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri wa afya Aneurin Bevan. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka katika kodi za kawaida, na nyingine katika michango ya bima ya taifa inayokatwa kwenye mishahara. Mgonjwa haulizwi kadi ya bima wala kianzio. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaani, ambaye hapa kila mtu humwita GP, ni bure, na kwa mujibu wa taratibu zenyewe hulazimiki hata kuonyesha kitambulisho. GP ndiye mlango: yeye hukutibu, au hukuandikia rufaa ya kwenda kwa bingwa.

Lakini neno "bure" lisichukuliwe kikamilifu. Nchini England kila dawa unayoandikiwa hulipiwa pauni 9.90, isipokuwa kwa watoto, wajawazito, wazee na makundi mengine yaliyosamehewa, ilhali Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zimefuta ada hiyo kabisa. Matibabu ya meno yana viwango vyake vya malipo, na kumpata daktari wa meno anayepokea wagonjwa wapya wa NHS ni kazi. Sisi tuliokuja kwa viza tumelipa pia ada ya afya ya wahamiaji, iliyoanza mwaka 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka na sasa imefika pauni 1,035 kwa mtu mzima, nayo hulipwa kwa mkupuo kabla ya safari. Kwa viza ya miaka mitatu ni pauni 3,105 kwa kichwa kimoja, halafu mshahara wako hukatwa kodi ileile anayokatwa mwenyeji. Hilo naliona ni kulipishwa mara mbili, na sitalipamba.

Udhaifu mkubwa zaidi ni foleni. Orodha ya wanaosubiri matibabu yaliyopangwa nchini England ilipita milioni 7 baada ya janga la UVIKO-19, na lengo la kuwahudumia asilimia 92 ya wagonjwa ndani ya wiki 18 halijafikiwa kwa takriban muongo mmoja. Mwenye goti bovu anaweza kuchechemea mwaka mzima. Wako wanaosema hayo ndiyo matunda ya kutegemea kodi, kwa kuwa bajeti hufuata upepo wa siasa. Hoja hiyo ina ukweli, ila mimi nauliza foleni ya upande wa pili inahesabiwaje, ile ya watu ambao hawakwenda hospitali kabisa kwa kuogopa bili. Hiyo haina orodha. Tena Marekani, ambako bima binafsi zina nafasi kubwa, hutumia takriban asilimia 17 ya pato lake kwa afya, wakati Uingereza hutumia takriban asilimia 11, na bado Mwingereza kwa wastani huishi miaka mingi kuliko Mmarekani.

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu alilazwa katika hospitali moja nyumbani. Ndugu walitakiwa kuweka kianzio kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, likafunguliwa kundi la WhatsApp, kiwanja kikauzwa kwa bei ya kutupa, na mjomba mwenyewe akakaa siku tatu zaidi baada ya daktari kumruhusu kwa kuwa hesabu ilikuwa haijatimia. Fedha zilipatikana, lakini zilitafutwa wakati mbaya kuliko wote, na kwa watu walewale waliokuwa wakiuguza.

Kwa hiyo hunishangaza ninaposikia kwamba mama lishe na dereva wa bodaboda huko nyumbani Tanzania hawawezi kuingizwa katika mfumo wa matibabu yanayogharamiwa na kodi kwa sababu "hawachangii". Bodaboda huyo amekwisha kulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye vocha yake ya simu, na tozo kwenye kila lita ya petroli. Kumfuata tena akakate bima kwa hiari ni kualika tatizo linalojulikana: aliye mzima huahirisha, mgonjwa hujiunga, na mfuko huelemewa.

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano. Iliyobaki wameila foleni na ile ada ya viza. Wanaotarajia wageni wajue kwamba matibabu ya dharura ya awali katika kitengo cha dharura ni bure kwa yeyote, lakini mzazi aliyekuja kusalimia kwa viza ya matembezi akilazwa anaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama. Mama mkwe anakuja mwezi wa nane, na bima yake ya safari nimekwisha kuilipia.