Arusha mpaka Moshi kufuata mtori kwa ndege ndogo: Jumamosi yangu na marubani wa wikendi, nawapa nyota nne

Watu wengi hapa Chuga tunajua ndege ndogo za uwanja wa Kisongo ni za watalii tu, zinapakia wazungu zinaenda Serengeti basi, na mimi nilikuwa najua hivyo hivyo mpaka mwaka huu. Nina duka la spea za pikipiki Kilombero na kuna mteja wangu mmoja, kaka mstaarabu sana, kila mwezi anakuja kuchukua oili, siku moja nikaona funguo zake zina kile kitambaa chekundu wanachofunga kwenye ndege ikiwa imepaki, nikamuuliza, akaniambia ana leseni ya urubani ya binafsi na Jumamosi yeye na wenzake wanaruka kwenda sehemu, wanakunywa chai, wanarudi. Nikamwambia kaka chai gani hiyo ya kufuatwa na ndege. Akasema njoo uone mwenyewe.

Nimeenda mara mbili, na kwa vile watu wananiuliza sana dukani naona bora niandike yote.

Kwanza mjue hii sio kampuni. Hawana ofisi, hawana bango, ni watu wenye kazi zao: mzee mmoja fundi mitambo mstaafu ndio mkubwa wao, dada mmoja daktari, jamaa wa vifaa vya ujenzi, huyo mteja wangu na wengine wawili watatu. Ndege zilikuwa tatu, Cessna 172, Cessna 182 na Piper moja ile ya mabawa chini. Gharama za mafuta na za uwanja wanachangiana wenyewe kwa wenyewe. Mgeni hulipi nauli, na wala usijaribu kutoa, kwa sababu leseni ya binafsi hairuhusu rubani kubeba mtu kwa malipo, anayefanya biashara lazima awe na leseni ya biashara. Mgeni ananunua chai ya wote, ndio utaratibu wao. Nasikia Marekani wana mchezo huo huo, mtu anawasha ndege Jumamosi anaenda uwanja wa jirani kula baga, wenyewe wanaiita baga ya dola 100 maana baga ni bei ndogo ila kuifikia ndio pesa. Huku kwetu ni mtori.

Sasa mara ya kwanza hatukuruka kabisa, na hii naielezea kwa kirefu maana ndio imenifanya niwaamini. Ilikuwa Julai, na mnajua Julai ya Arusha ilivyo, baridi na lile wingu limekaa kama blanketi mpaka mchana. Mimi nimeamka saa kumi, nimemuachia kijana funguo za duka, nimechukua toyo mpaka Kisongo, nafika saa kumi na mbili na nusu nakuta wote wamesimama nje ya hanga wanaangalia upande wa Meru na Meru yenyewe haipo. Nikamsalimia mzee, shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, leo mlima umejifunika na sisi tutajifunika. Nikajua anatania. Tukakaa mpaka saa tatu, wingu likapanda kidogo, kijana wao mmoja akasema sa hivi tunaweza kupita chini yake, mzee akamuuliza swali moja tu, na ukifika Usa River likakushukia unaenda wapi? Kijana akanyamaza, akaenda kufunga ndege yake kamba. Hakuna aliyebishana wala kununa. Wakaleta chupa ya chai tukanywa pale pale kwenye sakafu ya hanga tukapiga stori mpaka saa nne.

Nikarudi mjini nimekasirika, siwafichi. Siku nzima ya biashara. Ila usiku nikawa nafikiria, hawa watu wana hamu ya kuruka kunishinda mimi, wamelipia kila kitu, ndege ziko tayari zina mafuta, na bado wameweza kusema leo hapana. Ndege zao wanaziendesha kwa kuangalia nje kwa macho, ukiingia kwenye wingu huoni mlima, na hapa kwetu milima iko pande zote. Mimi nauza spea kwa vijana wa bodaboda, kila wiki nasikia nani kaanguka kwa sababu alikuwa anawahi. Nikaamua nitarudi.

Mara ya pili ilikuwa Septemba, anga safi, Meru unaiona mpaka mikunjo yake. Kitu cha kwanza dada daktari akaniuliza kilo zangu, mbele ya watu wote, na begi langu nikaambiwa niliweke kwenye mizani. Akina dada msije mkachukia, kila mtu anapimwa hata mzee. Ile 172 ina viti vinne lakini viti vinne sio lazima watu wanne. Hiyo yao ni aina ya S, uzito wote ikiwa inaruka haitakiwi kuzidi kilo 1,157, ukitoa uzito wa ndege yenyewe na matangi yakiwa yamejaa, zinabaki kama kilo 250 za watu na mizigo. Watu wazima watatu wenye miili, basi. Tukaenda watatu.

Alafu ukaguzi. Hapa ndio nilifurahi kupita kiasi maana ni lugha yangu. Mteja wangu alichukua kikombe kidogo cha plastiki angavu chenye pini katikati, akawa anaingia chini ya bawa anabonyeza vali anakinga mafuta kidogo, anainua juu kwenye mwanga, anaangalia, anaenda vali nyingine. Ile S ina sehemu 13 za kukinga, na alizipitia zote. Mafuta ya ndege ndogo ni ya bluu, avgas, bluu ya maji ya chupa hivi, na akanionyesha kama kuna maji utayaona yamekaa chini kama lulu maana maji ni mazito kuliko petroli. Maji kwenye petroli mimi nayajua, kila masika naletewa pikipiki zinakohoa, ila pikipiki ikizima unaisukuma. Akapanda kwenye ngazi akapima matangi kwa kijiti, hakuamini geji. Akachungulia kwenye matundu ya mbele ya injini kama ndege wa angani hawajajenga kiota. Akapitisha mkono kwenye panga boi taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho, anatafuta hata pengo dogo la jiwe.

Na injini yenyewe, jamani, ni silinda nne zimelala kushoto na kulia, inapozwa na upepo kama pikipiki ya Boxer tu! Ila ina plagi nane, kila silinda mbili, na magneto mbili zinazojitegemea, ndizo zinazopeleka umeme kwenye plagi, moja ikifa nyingine inaendelea. Kabla ya kuruka anapandisha mizunguko mpaka 1,800 anazima magneto moja, anasikiliza, sindano inashuka kidogo, anarudisha, anazima ya pili. Ikishuka kupita 150 haruki mtu. Nilikuwa kiti cha nyuma nimetega sikio nasikia ule mlio unavyobadilika, nikasema hawa watu ningewakabidhi duka langu.

Akanielezea pia kwa nini wanawahi asubuhi. Kisongo ni kama futi 4,550 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwaiyo injini ya farasi 180 pale inakupa kama 155 hivi, na jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi zaidi, bawa halishiki vizuri, ndege inakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Joto likifika nyuzi 25 ndege inajiona kama iko karibu futi 6,800. Inabidi hata upunguze mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa maana ukiacha kama ulivyoweka Dar injini inakabwa, watu wa pikipiki za Karatu na Mbulu mtanielewa.

Tukaruka saa moja asubuhi kuelekea mashariki. Kabla ya kuruka aliniambia mpaka nikwambie ongea, usiongee, na asikwambie mtu, hata ningeruhusiwa sina cha kusema. Magurudumu yanagonga gonga kwenye lami alafu ghafla kimya cha chini, mgongano umeisha, mji umehamia upande wa kushoto kwangu, Njiro ile pale, mabati yanawaka. Tukapanda mpaka futi 7,500. Usa River zile nyumba za plastiki za maua zinang'aa kama mabwawa. Ukishaipita Meru kidogo geuza shingo nyuma, utaona mlima upande wa mashariki umebomoka, ukuta wote haupo, na ndani kuna kilima kidogo cha majivu kimekaa peke yake. Miaka yote naiangalia Meru kutoka mjini, sikujua kwa nyuma uko wazi hivyo.

Nilimuuliza lile swali ambalo na wewe ungeuliza, injini ikizima je. Akasema haianguki kama jiwe, inateleza, kwa kila futi 1,000 inakwenda kama kilomita mbili na nusu hivi, na tangu tumeruka kila dakika chache ana shamba lake amelichagua. Akanionyesha, sa hivi ni lile la mahindi yaliyovunwa pale. Baada ya muda nikawa na mimi nayatafuta.

Karibu na KIA unaingia kwenye anga lao, lazima uombe ruhusa kwa redio. Tukaambiwa tukae kusini kwanza kuna ndege kubwa inatua, tukazunguka, na mimi nikaiona ikitua, niko juu yake! Mkono wa kushoto Kilimanjaro. Kibo na Mawenzi vyote viko wazi, ile barafu imebaki vipande vipande, imekaa kama nguo zilizoanikwa, inatia huruma ukiiona hivyo. Na tuko futi 7,500 lakini mlima ni futi 19,341, yaani bado umetuzidi karibu futi 12,000 na hii ndege yetu haiwezi kufika huko hata ifanyeje. Mteja wangu akasema hausogelei mlima ule upande ambao upepo umeshauvuka, hewa inashuka inakuvuta chini, wao wanauangalia kwa mbali. Mbele ile miwa ya TPC, kijani imepigwa rula, na tukaanza kushuka maana Moshi iko chini ya Kisongo kwa zaidi ya futi 1,700, masikio yanaziba, meza mate.

Ukitoa ule mzunguko wa KIA ni dakika 25 tu angani. Basi la Arusha Moshi na zile hamsini hamsini za trafiki mnalijua.

Bajaji mpaka karibu na soko la Mbuyuni kwa mama mmoja, mtori wa nyama, chapati za moto, kahawa. Watu saba, nililipa mimi na haikunifilisi, bakuli la mtori elfu tatu. Stori ni za kuruka tu, nani alitua vibaya wiki iliyopita, na anayesimulia kosa lake hachekwi, anaulizwa maswali mpaka wote waelewe limetokeaje. Dada daktari alisimulia alivyotua Piper na upepo wa ubavuni ikaruka mara mbili kama mpira, mzee akachora kwenye meza kwa kijiko. Nilitamani tukae mpaka saa sita lakini saa nne kamili mzee alisimama, kikombe chake cha pili hakukigusa, akasema mawingu ya mlimani hayasubiri kahawa. Na kweli tunaruka kurudi Kibo kimeshavaa, na hewa imeanza kutupa tupa, ningekula chapati ya tatu ningejuta.

Nyota moja nimeitoa na sababu ninazo, nimewaambia wenyewe usoni. Hakuna anayemwambia mgeni ajiandae vipi, mimi nilienda bila miwani ya jua wala jaketi na kule juu asubuhi ni baridi. Habari ya kuahirisha ile Julai haikutumwa mapema, naelewa hali ya hewa haipangiwi, ila hata ujumbe wa saa kumi na moja kwamba leo wingu zito njoo ukijua tunaweza tusiruke, ungenisaidia. Na kubwa kuliko yote, hedseti ya kiti cha nyuma. Sponji ya maiki imechakaa imebaki uzi, kwenda nzima nilikuwa nasikia wao lakini wao wananisikia nusu nusu, lile swali la injini nimelirudia mara tatu kwa kupiga kelele. Watu wanaokagua matundu 13 ya mafuta hawatakiwi kuwa na hedseti ya hivyo, abiria wa nyuma ndiye anaweza kuona ndege nyingine inakuja kabla ya rubani. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaitoa, akaiangalia, akasema una haki mwanangu.

Kwa anayetaka kwenda: epuka masika na hiyo Juni Julai ya mawingu, Januari Februari na Septemba Oktoba ndio nzuri, kula kidogo, sema kilo zako za kweli, na usipange kitu kingine cha maana saa tatu asubuhi.

Mimi wameniita tena mwisho wa mwezi. Maiki nimeshaipima, nimepata sponji inayoingia, ninazo mbili dukani.