Mitumba ya baridi Malindi: koti nunua, buti acha

Anayejiandaa kupanda Mlima Kenya akitokea Malindi hana haja ya kungoja afike Nairobi ndipo atafute nguo. Vibanda vya mitumba hapa mjini vina makoti mazuri ya baridi, na kwa wauzaji wengi makoti hayo ni mzigo tu. Belo likifunguliwa, wateja hugombania fulana na magauni, koti zito likabaki kwenye hanga hadi liote vumbi. Hapo mnunuzi ana nguvu ya kupatana bei. Ila si kila kinachoning'inia pale kinafaa mlimani, na hewa ya pwani imechangia.

Kwanza jua unanunulia baridi gani. Joto hupungua takriban digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Alfajiri ya Malindi yenye digrii 25, ukiipandisha hadi Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho wapandaji wengi hukifikia, mita 4,985, inakuwa kama digrii 7 chini ya sufuri, na upepo bado hujauhesabu. Na wengi hufika pale alfajiri hasa, baada ya kuondoka Shipton's Camp au Mackinder's Camp, kwenye mita 4,200 hivi, saa nane au saa tisa usiku. Sweta la kipupwe halitoshi.

Kilicho bora zaidi vibandani ni flisi, yale mavazi mepesi ya poliesta yenye vinyoya laini. Inyanyue uitazame kwenye mwanga: viwiko na mabega yakionyesha upande wa pili, imechoka. Usidanganyike na hudi nene. Nyingi ni za pamba, na pamba ikishalowa jasho wakati wa kupanda haikauki upesi. Ukisimama kupumzika inakunyonya joto la mwili. Lebo ikiwa imekatwa, omba ruhusa uchomoe uzi mmoja ndani ya mshono uuwashe kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikiacha kidonge kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hukawia kushika moto. Lebo za Kitaliano hazimsumbui mtu wa Malindi: piuma ni manyoya ya ndege, lana ni sufu, cotone iache hapo hapo.

Koti la manyoya ya bata linataka subira. Liminye kwa kiganja kisha uachie. Manyoya mazima hufura yenyewe baada ya sekunde chache. Yakibaki madonge, ama lilifuliwa vibaya ama limekaa na unyevu. Linyanyue juani uone kama vyumba vya manyoya mabegani vimebaki vitupu, kisha linuse, maana uvundo ulioingia kwenye manyoya hautoki kirahisi. Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Ya shaba, chumvi ya hewani ikiwa imeianza, utaona ukungu wa kijani kwenye meno. Bora ya plastiki yenye meno makubwa. Ikiwa kichwa chake tu ndicho kilegevu, fundi cherehani atakibadilisha; meno yaking'oka, inabidi zipu nzima itolewe. Zipu nzito ipake nta ya mshumaa.

Koti la mvua ligeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Utando wa ndani ukinata vidoleni, au ukibanduka vipandevipande kama ngozi iliyoungua jua, lirudishe. Joto na unyevu ndivyo vilivyouvunja, na hakuna kufua kutakakourudisha. Kagua pia utepe uliobandikwa juu ya mishono. Likipita hapo, tengeneza kibonde kwenye kitambaa, mimina maji nusu kikombe, ngoja dakika tano, papasa chini. Kitambaa cha juu kulowa si neno, dawa ya kupulizia ya kuzuia maji itakisaidia. Maji yakipenya hadi upande wa pili, hilo ni koti la upepo tu.

Buti sasa. Zinapendeza, nyingi zinaonekana mpya, na hilo ndilo la kutilia shaka. Kati ya ngozi na raba ya chini buti nyingi zina tabaka la povu la polyurethane linalopunguza kishindo. Povu hilo huozeshwa na unyevunyevu hata kiatu kisipovaliwa, na joto huharakisha kazi. Buti iliyokaa stoo miaka mingi, kisha ikaletwa pwani, inaweza kuwa na povu lililokwisha ilhali ngozi yake inang'aa. Bonyeza povu kwa ukucha: likimeguka au likionyesha nyufa, soli itang'oka njiani. Kumpa fundi viatu aishone ni kupoteza pesa, maana uzi unashika unga. Nunua mpya, uvae soksi nene unapojaribu, usukume vidole mbele kabla ya kufunga kamba. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Kisipopita, kucha zitaumia wakati wa kuteremka. Ufukweni hakuna mteremko wa kuzoesha buti mpya, basi tumia ngazi.

Glavu chukua jozi mbili, nyembamba za ndani na kubwa za nje zisizopitisha upepo. Kofia chagua yoyote inayofunika masikio. Soksi nunua mpya.

Mfuko wa kulalia usinunue kibandani. Muuzaji hukuonyesha namba kubwa kuliko zote ya digrii za baridi kwenye lebo, na hiyo mara nyingi ni kiwango cha kunusurika tu. Cha kufuata ni kile cha kulala kwa raha. Kukodi Nanyuki, mji ulio chini ya mlima, au kupitia kwa kiongozi wako wa mlima, ni salama zaidi.

Nenda asubuhi belo linapofunguliwa, kabla kamera, yaani zile nguo bora za belo, hazijachaguliwa. Kama safari ni ya Januari au Februari, kaskazi ikivuma huku na mlima ukiwa mkavu, anza kutafuta Novemba upate na nafasi ya kufua, kwa sababu koti la manyoya likifuliwa Malindi huchukua siku mbili tatu kukauka. Tumia sabuni laini kidogo, usilikamue, libebe kwa mikono miwili likitoka majini, lianike bapa, uvunje madonge kila baada ya saa moja na kuliingiza ndani kabla ya magharibi.