Koti la Luteni wa Majini, Vita vya Pili: Tazama Mkono Kwanza

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina maneno ya kufungulia, kwa sababu kitu chenyewe kiko hapa mezani na kimeninyima usingizi tangu juzi. Koti la luteni wa jeshi la majini la Uingereza, Vita vya Pili vya Dunia. Bluu iliyokolea, vifungo vinane safu mbili, hayo mnayajua. Twende kwenye mkono.

Sogeza kamera. Hapo hapo. Mnauona utepe huu wa dhahabu? Haukunyooka, umepindapinda kama mawimbi. Basi mwenyewe hakuwa askari wa kudumu. Afisa wa kudumu alivaa mistari iliyonyooka. Baharia wa meli za biashara aliyekuwa kwenye akiba, mistari yake ilisukwa. Wakili, mwalimu, karani aliyejitolea, ndiye huyu wa mawimbi, na Waingereza wenyewe wakakiita kikosi chao Wavy Navy, yaani jeshi la majini la mawimbi. Raia hawa ndio waliokabidhiwa boti za kufagia mabomu na meli ndogo za kusindikiza misafara kule Atlantiki! Mistari hii naipenda kuliko nishani yoyote.

Sasa nageuza mkono taratibu. Dhahabu inakuja, inakuja... imekatika. Kwenye mshono kabisa. Upande huu unaogusa ubavu hauna kitu. Msidhani umebanduliwa; tazameni, hakuna tundu la sindano, wala rangi ya kitambaa haijaachana. Wakati wa vita kila kitu kilibanwa, utepe ukawekwa nusu ya mkono tu, ile ya nje. Nimeligeuza koti hili labda mara hamsini na bado mwili unanisisimka.

Zima taa kidogo. Hii ni tochi ya mionzi ya urujuanimno, yaani UV. Nyuzi nyingi za kisasa zingewaka hapa, nyeupe pee. Hizi zimelala. Ila angalieni, koti la zamani likifuliwa kwa sabuni ya siku hizi nalo huweza kung'aa, kwa hiyo msimwite mtu tapeli kwa tochi peke yake.

Washa. Kilichoniudhi ni vifungo. Muuzaji alinihakikishia vyote ni vya asili. Sita, kweli: nanga, na juu yake taji lenye mgongo wa mviringo, taji la enzi ya Mfalme. Hivi viwili vya chini je? Taji limebonyea katikati. Hilo ni la enzi ya Malkia Elizabeth, aliyeshika kiti mwaka 1952, na vita viliisha 1945. Nimemwandikia, kimya. Picha alizonitumia zilikatwa juu ya vifungo hivyo, nami sikushtuka.

Bei? Koti shilingi 22,000, na usafiri na ushuru vikalifikisha 37,000 hapa Mombasa. Mtaniuliza mbona sikuchukua la Mjerumani. Yale ni ghali zaidi, na feki zake zimejaa sokoni. Ile nembo ya ndege tai ya kifuani inashonwa upya kila siku. Tena hili lina uhusiano na sisi. Mwaka 1942, Wajapani walipoipiga Ceylon, Sri Lanka ya leo, manowari za Admirali Somerville wa Uingereza zilihamia hapa Kilindini. Na kikosi cha Kenya cha wanamaji wa kujitolea kilikuwepo hapa Mombasa tangu 1933. Mkiwa na babu aliyehudumu humo na picha ya sare yake ipo ukutani, nitumieni, nataka kutengeneza kipindi kizima.

Lebo ya fundi iko ndani ya mfuko huu, na jina la afisa limeandikwa kwa wino. Nalifunika kwa kidole, huenda ana wajukuu.

Jumamosi tuko mubashara saa tatu usiku, na maikrofoni mpya imefika. Nondo wamekula kidogo kwapani, hapa, lakini silitii kiraka. Vifungo viwili ndivyo nitakavyovibadilisha. Mwenye vya taji la Mfalme aniambie bei hapo chini.